Faibroblasti nazo zitajwe

Makala yenu kuhusu soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba) imeeleza vizuri jinsi kinga ya mwili inavyoishambulia ngozi, ila imeziruka faibroblasti, seli za tishu unganishi zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Hizi si watazamaji tu. Zikichokozwa na protini za kinga kama IL-17 na TNF, nazo hutoa ishara za kuita seli zaidi za kinga, na moto unazidi kuwaka. Soriasisi ikishika na viungo ndiyo balaa: faibroblasti za utando wa ndani wa kiungo humwaga vimeng'enya vinavyokula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Kwa hiyo wewe mwenye magamba kichwani yanayoweza kuwa soriasisi (wengi wetu tunasema fangasi, tunapaka dawa tu), ukiona kucha zina vishimo, kidole kimevimba chote au kisigino kinauma asubuhi, mwambie daktari wa ngozi akuangalie na viungo.