Mpelelezi Kutoka Newala

Mtwara ukisema unafuga samaki wa baharini sebuleni, swali la kwanza ni utawakaanga lini. Pale Feri wamejaa mezani wanakungoja, halafu mtu mzima anawanunulia samaki pampu ya kuwapulizia hewa! Mama mkwe wangu alikaa mbele ya tangi la kioo, akamfuatisha kitatange kwa macho, akasema kwa upole, "Mkwe wangu, huyu hata kwa nazi hatoshi."

Sikujali. Nilikuwa na vitatange, tasi wadogo na kamba wenye sharubu ndefu, wote wa kwenye vidimbwi vya Shangani maji yakipwa. (Msimbati sikugusa. Kule ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na mfuko wangu na faini havipatani.)

Kisha mjomba akaja kutoka Newala kufuatilia hela yake ya korosho, na wiki ileile vifo vikaanza.

Walitangulia kamba. Asubuhi nikawakuta chali, miguu juu. Wakafuata tasi: anaogelea kwa kushtukashtuka, analala ubavu, anapanda juu kutweta, kesho yake ndiyo basi. Madoa meupe hana, kidonda hana, mapezi mazima.

Mjomba akajiteua mkuu wa upelelezi. Alimhoji mke wangu, akawahoji watoto mmoja mmoja, akamkodolea macho paka wa jirani mpaka paka akahama ukuta. Usiku akaninong'oneza kwamba kuna mtu mtaani ana kijicho na kioo chetu.

Aliletwa mzee mvuvi. Alichovya kidole kwenye tangi, akalamba, akafumba macho kama anaonja mchuzi wa harusi. "Chumvi imezidi." Nikapima mbele yake: gramu 35 kwa lita, sawa na baharini. Nikamweleza kwamba maji yakikauka chumvi haiondoki, ndiyo maana najazia maji baridi ya kisima, si ya bahari. Mzee akasema hiyo ni kuidanganya bahari, akaomba nauli.

Nikahamia kwenye amonia. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huitoa, na ikizidi inaua. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye mawe huigeuza kuwa nitraiti, halafu nitreti ambayo haina ukali huo. Nikadondosha dawa ya kupimia, maji yakabaki njano, maana yake amonia hakuna. Mjomba alikuwa amesimama begani kwangu. "Njano!" akasema. "Si nilikwambia? Hao wana ini."

Alipokufa kitatange mkubwa, mtani wetu wa nyumba ya pili akaja kafunga kanga kiunoni, analia toka barabarani: "Umetuachia nani wa kutuangalia kiooni!" Majirani wakatoka wakidhani tumefiwa kweli. Akadai ubani wake, na kwa kuwa sikuwa na chenji akabeba viatu vyangu rehani. Mjomba akatoa pole kwa wote waliofika, na machozi yalimlengalenga. Hilo namtetea, yalikuwa ya kweli.

Jioni moja umeme ukakatika. Nimejilaza kwenye kochi gizani nawazia hewa ya samaki, mara naona tochi ya simu inaingia taratibu. Fssss! Kona ya mlango. Fssss! Chini ya meza. Kisha nyuma ya tangi, palepale pampu inapovutia hewa, fssssssss, ndefu ya kuagia.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Nalinda nyumba," akasema, kopo la dawa ya mbu mkononi. "Maji yaliyotuama ndiyo mazalia ya mbu. Tangu nifike nayapulizia kila jioni. Umeona mbu hata mmoja katoka humu?"

Kweli, sikuwa nimeona.

Nikamkalisha. Pampu inavuta hewa ya chumbani na kuishusha majini, pamoja na chochote kilichomo kwenye hewa hiyo. Dawa hizi mtu hazimsumbui sana, lakini samaki zinamwangusha kwa kiasi kidogo tu, na kamba ndiye anayewahi, kwa sababu kwa ukoo yuko karibu na wadudu.

Mjomba akafikiri. "Kumbe kamba ni mdudu?"

"Ni ndugu yake."

"Na nyie watu wa pwani mnamla!"

Nikabadilisha sehemu kubwa ya maji, nikaweka mkaa wa kuchujia, mpira wa hewa nikautoa dirishani, na mjomba nikamfungia chandarua. Asubuhi akawakusanya watu barazani kutoa ripoti: muuaji amekamatwa, ni pampu.

Mtani akadai faini ya kuku. Mjomba, ambaye hela ya korosho ilikuwa bado haijaingia, akamnyooshea kidole mshtakiwa. "Mdai huyo."

Mtani hakubishana. Aliichomoa pampu, akaitia kwapani, akashika njia. Nikamkimbiza pekupeku hadi kwake, maana viatu vyangu navyo vilikuwa hukohuko.