Nimesaini Kunyamaza

Jamani, mimi sikuumbwa kunyamaza uwanjani. Mama watoto anasema hata usingizini huwa nadai penalti. Sasa mtu kama mimi ndiye kaitwa kwenye kikao cha mashabiki, kapewa peni, kaambiwa asaini kwamba Jumamosi ataingia uwanjani, ataketi, na hatatoa hata mluzi. Na kiingilio alipe mwenyewe.

Kisa ni tajiri aliyeinunua klabu yetu. Siku ya kwanza alipokuja tulimbeba juu juu kama kombe. Mguu wake wa kushoto niliubeba mimi, na bega lile linaniuma mpaka leo kukiwa na baridi. Aliahidi mastraika wawili, akamuuza yule mmoja tuliyekuwa naye. Aliahidi uwanja mpya, akapaka rangi vyoo, tena vya jukwaa kuu tu. Halafu juzi kaketi mbele ya kamera, kakunja nne, kasema sisi mashabiki ni "wateja muhimu wa kampuni".

Mteja! Mteja akiuziwa viatu, soli ikabanduka siku ya pili, si anahamia duka la jirani? Wala hakuna atakayemwita msaliti. Mimi nihamie wapi? Kwa watani wetu? Bora nihame dunia. Na tajiri analijua hilo, ndiyo maana hana haraka. Duka lake halina jirani.

Basi kikao kikaanza. Kijana mmoja wa mbele, mishipa ya shingo imemtoka, akasema tung'oe viti. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Nami nilishangilia, nakiri, mimi nikisikia kelele naunga mkono kwanza, hoja naiuliza baadaye. Mzee wetu wa jukwaa la kusini akasubiri tumalize, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, ukikivunja kiti, nani atatozwa faini? Klabu. Klabu itaitoa wapi? Kwenye kiingilio. Kwa hiyo utakuja Jumamosi ijayo kukilipia kiti ulichokivunja, na utasimama, kwa sababu kiti hakipo." Kimya. Kijana akakaa. Tukakubaliana: mgomo ni wa amani, mwenye hasira aziache nyumbani.

Hapo ndipo Katibu alipopata nafasi yake. Katibu wetu ana daftari. Migomo yote ya mashabiki duniani imo mle, na anaisimulia kana kwamba alikuwepo.

Akaanza na Liverpool, Februari 2016. Wamiliki walitangaza tiketi ya bei ya juu kabisa itakuwa pauni 77. Mashabiki hawakurusha hata karatasi. Walikwenda kuangalia mechi na Sunderland, na ilipofika dakika ya 77 maelfu yao wakasimama, wakatoka zao nje. Siku 4 baadaye wamiliki waliomba radhi na bei ile ikafutwa. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono: matokeo yalikuwaje? Katibu akakohoa. Wakati watu wanatoka, Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2.

Mnaona shida yangu? Mimi ningekuwa tayari niko getini, nasikia uwanja unaguna nyuma yangu, sijui wamefunga wao au tumefunga sisi. Ningerudi kuchungulia. Ndugu zangu, ningerudi! Ningeharibu historia ya Liverpool peke yangu.

Kijana yule akapendekeza skafu. Katibu akafungua ukurasa: Manchester United, 2010. Familia ya Glazer iliinunua klabu mwaka 2005 kwa mikopo, kisha deni likabebeshwa klabu yenyewe, ambayo ni sawa na mtu akuoe halafu mahari akakope kwa jina lako. Mashabiki wakaja na skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya mwaka 1902. Uwanja mzima kijani na dhahabu, hadi David Beckham, aliyekuja pale na Milan mwezi Machi, akaokota moja na kujivisha shingoni. Tukashangilia tena. Mzee akauliza: "Na hao Glazer wakaondoka?" Katibu akafunua kurasa mbili mbele, akarudi moja nyuma. Hawajaondoka.

Kuku naye alikuwemo daftarini. Blackburn Rovers walinunuliwa na kampuni ya kuku kutoka India, basi Mei 2012, kwenye mechi waliyopigwa na Wigan wakashuka daraja, kuna mtu aliingiza kuku hai uwanjani, kamvika bendera ya klabu. Kuku akawa anazungukazunguka kwenye nyasi. Nikauliza aliyempitisha getini alipitaje, maana mimi hunyang'anywa hadi kifuniko cha chupa ya maji. Katibu akasema hilo halimo daftarini. Wakafuata Charlton na Coventry, Oktoba 2016: klabu mbili, wamiliki wawili wanaochukiwa, mechi moja. Mashabiki wa pande zote mbili wakaungana, wakamwaga vinguruwe vya plastiki uwanjani mara tu mpira ulipoanza. Mwamuzi akasimamisha mechi, watu wazima wenye mishahara wakaanza kuokota vinguruwe.

Lakini iliyonigusa mimi ni ya Cardiff. Hawa wanaitwa ndege wa buluu, wamevaa buluu zaidi ya miaka 100. Mwaka 2012 mmiliki akawaambia kuanzia leo jezi ni nyekundu. Mashabiki wakalia, wakaimba, wakaandamana. Halafu msimu huohuo, ndani ya jezi hiyohiyo nyekundu, timu ikachukua ubingwa na kupanda Ligi Kuu! Hebu niambieni, mtu afanyeje hapo? Unacheka kwa jino moja, unalia kwa jicho moja. Buluu yao walirudishiwa Januari 2015, baada ya kushuka tena.

Nikasema kimoyomoyo: hii ndiyo hatari ya kugoma dhidi ya timu yako. Mfanyakazi akigoma anaomba kiwanda kisimame. Shabiki akigoma anaomba kiwanda kisimame, ila zile bidhaa ziendelee kutoka na ziwe tatu bila.

Kususia kabisa nako kulijadiliwa. Blackpool walisusia uwanja wao wa nyumbani kwa miaka. Wengine walikuwa wanakuja hadi nje ya geti siku ya mechi, wanasimama pale na mabango, hawaingii. Mwaka 2019 mahakama ikamweka msimamizi, mmiliki akatolewa, na siku ya kurudi waliingia watu zaidi ya 15,000. Mzee alifuta macho. Kisha tukapigiana kura nani yuko tayari kukosa mechi miaka minne. Mkono ulionyooka ni mmoja, na baadaye ikagundulika alikuwa anaomba kwenda msalani.

Kuna aliyesema tuanzishe klabu yetu, kama wale wa Wimbledon. Mwaka 2002 timu yao iliporuhusiwa kuhamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon, wakatangaza majaribio ya wachezaji kwenye viwanja vya wazi, mwenye miguu aje. Mwaka 2011 walikuwa wameshapanda hadi ligi za kulipwa. Nilisikiliza hiyo kwa makini, nikaanza kukunjua goti chini ya meza kuona kama linarudi. Likalia kaa. Nikaacha.

Tukaishia kwa Wajerumani. Kule kwao, kwa klabu nyingi, wanachama ndio wenye kura zaidi ya nusu, sheria inaitwa 50+1, kwa hiyo kelele za shabiki zina mahali pa kutua. Mapema mwaka 2024, ligi yao ilipotaka kumwingiza mwekezaji kwenye biashara ya haki za matangazo, mechi zilisimama kwa mvua ya mipira ya tenisi. Wakarusha na sarafu za chokoleti, wakaingiza na vigari vya rimoti vinavyofuka moshi. Februari hiyohiyo mpango ukazikwa. Sisi mipira ya tenisi hatuna, na chokoleti nawajua wenzangu, haitafika kwenye nyasi. Lakini Wajerumani haohao, mwishoni mwa 2012, waliwahi kugoma dhidi ya masharti mapya ya usalama kwa kunyamaza dakika 12 na sekunde 12 mwanzoni mwa kila mechi. Haina gharama, haina faini. Na shabiki si ndiye mchezaji wa 12? Ikapita bila kupingwa. Mimi nilichelewa kupinga kwa sababu nilikuwa nashangilia.

Jumamosi ikafika. Jezi mpya nilikuwa nimeinunua wiki moja kabla ya kuambiwa tususie jezi, basi nikaivaa ndani nje. Lile libandiko la maelekezo ya kufulia likawa linanikwaruza chini ya kidevu, kila nikimeza mate linanikumbusha nisikaushe kwa pasi.

Tulikuwa pia na bango la kibinadamu, watu tisa, kila mtu na herufi yake: TUMECHOKA. Mimi nilipewa O. Mwenye C na mwenye H ni mtu na mdogo wake, na wote wawili walizuiwa getini kwa sababu tiketi zilikuwa za jukwaa lingine. Filimbi ilipolia tukainua tulizonazo. Televisheni ikatuonyesha nchi nzima: TUMEOKA. Shemeji akanitumia ujumbe papo hapo, anauliza tumeoka nini.

Kimya kikatanda. Hamjawahi kusikia uwanja uliojaa ukiwa kimya. Unasikia viatu vinavyokanyaga nyasi. Unasikia kipa anavyomtukana beki wake, na ukikisikia anachosema unaelewa kwa nini ile namba tatu haipandi. Dakika ya nne nikajikuta nataka kupiga chafya, nikaimeza ikashuka na herufi O.

Dakika ya tisa, tukafunga.

Ngojeni niwaeleze hili polepole. Sisi hatukuwa tumefunga mechi tano. Krosi kutoka kulia, kijana wetu karuka, kapiga kichwa, nyavu zimetikisika. Kaja mbio mpaka jukwaani kwetu, kafungua mikono, kafumba macho kusubiri kelele. Hakuna kelele. Kafumbua jicho moja. Anaona maelfu ya watu wamemkodolea macho kama wamekuja kutambua maiti. Maskini, akashusha mikono, akaangalia jina nyuma ya jezi yake, labda alidhani yuko timu nyingine.

Mimi nilikuwa nimeuma skafu. Mzee wa kusini alikuwa anarukaruka bila sauti, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto kwenye nyumba ya mkwe. Kijana mwenye mishipa kakumbatia nguzo. Nikatazama saa: dakika ya 9 na sekunde 40. Nikajiambia kumbe si mbaya, furaha inawekwa akiba, tutaitoa yote 12 na 12. Na kweli, mpira haukuanza tena. Mwamuzi kashika sikio. Waamuzi wa video wanaangalia. Dakika ya 10. Ya 11. Skafu imelowa. Katibu kasimama kwenye kiti na saa yake, kanyoosha vidole, anahesabu: tano, nne, tatu...

Tukalipuka. Sijawahi kushangilia namna ile maisha yangu yote. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua na nadhani nilimwambia nampenda. Tulipotulia kupumua ndipo tukaona mwamuzi kaweka mkono juu. Kaotea. Alikuwa ametoa ishara hiyo sekunde ileile. Kwa macho ya dunia nzima, sisi ndio mashabiki walionyamaza goli lilipoingia, wakashangilia lilipokataliwa.

Watani walioketi upande wa pili walicheka hadi wakasahau kuizomea timu yetu.

Tukafungwa moja, dakika za nyongeza. Nikitoka nikakutana na kijana anayefanya usafi jukwaa kuu, nikamuuliza: tajiri alionekanaje kile kimya kilipotanda? Alikasirika? Alitoka jasho? Akanishangaa. "Kaka, kile chumba kina vioo viwili viwili. Sauti haiingii. Siku zote huwa hawasikii kitu."

Jumatatu tukakutana tena. Katibu kaja na ukurasa mpya: kama hasikii, basi aone. Jumamosi ijayo tunaingia, tunakaa, na dakika 15 za kwanza tunaugeuzia uwanja mgongo. Nimesaini tena, msiniulize kwa nini.

Sasa hivi niko sebuleni najifunza. Kuna marudio ya mechi kwenye televisheni, mimi nimekabili ukuta, mikono nyuma. Dakika ya pili hii.

"Mama watoto, nani ana mpira?"

"Baba nanihii, si ugeuke uangalie?"

"Siruhusiwi. Nani ana mpira?"

"Yule wenu mwenye nywele. Anakwenda. Anakwenda tu. Mh!"

"Mh nini? Mh nini, mke wangu?"