Tunaanika binti, tunafunika daftari

Kwenye mahafali ya shule ya mwanangu, shule ya bweni ya wasichana inayoendeshwa na masista, keki ya kuchangisha hela za basi la shule ilikatwa vipande 12. Cha kwanza mshereheshaji alianza kukinadi kwa shilingi 50,000, akakipandisha hadi 300,000, na aliyekinunua akakirudisha meza kuu ili mgeni rasmi amlishe mke wake. Tulicheka, tukapiga makofi. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee aliyetoka Singida kwa basi kuja kumwona mjukuu wake akihitimu kidato cha nne. Bahasha yake ya kaki aliishika mkononi tangu saa nne asubuhi mpaka tulipoitwa kula. Hakuna aliyepita kuichukua. Zamu ya "wazazi wengine" ilipangwa mwisho, na muda ukaisha.

Lakini keki siyo iliyoninyima usingizi. Kabla ya mnada kulikuwa na shairi. Binti wa kidato cha pili, sweta imefungwa vifungo vyote, alipanda jukwaani akaghani jinsi baba yake alivyofariki, jinsi mama yake anavyochoma vitumbua alfajiri, jinsi masista walivyomsamehe ada. Alighani vizuri kweli. Kwenye ubeti wa nne sauti ikamkatika, na sijui kama ilikuwa imepangwa ikatike hapo au ilikatika yenyewe. Meza kuu wakatoa vitambaa. Hata hajashuka ngazi, mshereheshaji kashadaka kipaza sauti: "Waheshimiwa, mmejisikilia wenyewe!" Na hela zikaanza kumwagika.

Siku ya kutembelewa iliyofuata, tukiwa chini ya mti tunakula pilau niliyobeba kwenye hotpoti, mwanangu akaniambia kwamba mpaka siku ile ya mahafali hakuna mtu bwenini aliyekuwa akijua habari za yule mwenzao. Alikuwa msichana kama wasichana wengine, ana tranka lake, ndoo yake, fagio lake la chelewa. Sasa wanamwita Vitumbua.

Kwenye mkutano wa wazazi niliuliza zilipatikana ngapi. Mwenyekiti akasema taarifa inaandaliwa. Mwaka uliofuata nikauliza tena, taarifa bado ilikuwa inaandaliwa, na basi lililochangiwa bado lilikuwa picha kwenye bango. Sisemi mtu kala. Masista wale nawajua, viatu vyao navijua. Ninachosema ni kwamba msiba wa mtoto wa miaka 15 ulisomwa kwa spika mbili kubwa mpaka wauza miwa wa nje ya geti wakausikia, ila hesabu ya fedha zilizotokana na msiba huo ikafungiwa kwenye droo ya mhasibu. Tumegeuza mambo. Cha kufunikwa tumekianika, cha kuanikwa tumekifunika.

Najua kuna atakayeuliza: shule binafsi mnachangishana nini, si mna hela? Swali hili nalisikia hasa kutoka kwa ndugu zangu wenye watoto kwenye shule za serikali, ambako ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Huku kwetu ada ndiyo mshahara wa mwalimu, ndiyo unga, ndiyo maharage, ndiyo luku ya umeme. Bei ya unga ikipanda Mei, ada iliyopangwa Januari haipandi nayo. Bweni jipya, kisima, uzio, hivyo vinatoka kwenye mkopo, kwa mfadhili, au kwenye harambee. Na kwa shule ya bweni ya wasichana uzio si urembo. Maji bwenini si urembo. Mwenye binti ananielewa. Kwa hiyo sipingi kuchangishana, na mwaka huu pia nitatoa.

Walio na umri wa kukumbuka 2014 hawajasahau fedha zilizosemwa ni mchango wa shule zilivyozua kelele. Shule ya Barbro Johansson, ya wasichana, ilianzishwa mwaka 2000 kwa juhudi za Profesa Anna Tibaijuka na wenzake. Ina jina zuri kupita kiasi: Barbro Johansson alikuwa Mswidi aliyekuja Bukoba mwaka 1946 kufundisha, akachukua uraia wa nchi hii, akawa mbunge, akaongoza Tabora Wasichana. Halafu likaja sakata la Tegeta Escrow, la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti maalumu iliyokuwa Benki Kuu, na nchi nzima ikasikia kwamba shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira ziliingia kwenye akaunti ya Profesa Tibaijuka, wakati huo akiwa Waziri wa Ardhi. Yeye alieleza kuwa ni mchango wa shule, na kwamba mtoaji ndiye aliyetaka zipitie benki ya Mkombozi. Desemba mwaka huo Rais Kikwete akamwondoa uwaziri. Huko vijiweni swali halikuwa refu: kama ni ya shule, mbona haikuingia akaunti ya shule?

Mimi wakati ule niliwaza wasichana. Asubuhi ile waliamka, wakapiga deki, wakaenda darasani, na jina lililoshonwa kwenye mfuko wa shati lao lilikuwa kwenye kila gazeti.

Kenya, ambako neno harambee limo hata kwenye nembo ya taifa, walitunga sheria ya maadili ya watumishi wa umma mwaka 2003 iliyowabana viongozi katika michango hii, na Julai 2024 Rais Ruto akatangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki. Jirani zetu wamechoka na mgeni rasmi anayetoa kwa mkupuo kinachozidi mshahara wake wa mwaka. Sisi bado tunamtandikia zulia.

Nirudi kwa kitu ninachokijua kwa mkono wangu. Mwaka jana mzazi mmoja wa kidato chetu alifariki kwa ajali. Binti yake alikuwa na mihula miwili mbele isiyolipiwa. Sista mkuu alimpigia simu mama mmoja tu, mweka hazina wa kundi letu la WhatsApp, ambaye ana duka la vitambaa. Huyo mama hakuandika jina la mtoto. Aliandika: "Wamama, tuna mtoto wetu mmoja, ada imekwama. Tumeni kwa namba hii, jina la kampuni litatokea la shule." Kila jioni alibandika orodha. Mama fulani 5,000. Baba fulani 20,000. Mmoja alileta magunia mawili ya maharage mpaka getini, mhasibu akayapigia bei, yakaingia kwenye orodha kwa kilo. Yupo aliyetuma 1,500, na mweka hazina akaiandika 1,500 bila kuiongezea maneno. Siku ya kumi na moja stakabadhi ya shule ikabandikwa, jina la mwanafunzi limefunikwa kwa kidole gumba kwenye picha. Kucha ilikuwa na hina, nakumbuka.

Mpaka leo sijui mtoto huyo alikuwa nani. Nina fununu, nazikataza. Siku za kutembelewa nimeanza kubeba pilau nyingi zaidi, kila mtoto anayepita namwita aje ale, kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kuwa yeye. Wamama wengine wameanza hivyo hivyo. Zamani kila familia ilikaa kwenye mkeka wake na kuku wake, tunaangaliana kwa pembe za macho nani kaja na gari gani. Sasa mikeka imesogea.

Wajumbe wa kamati wananiambia, mama, watu wakubwa hawatoi mpaka waguswe. Wataguswaje bila shairi? Basi waguseni kwa vitu. Wapelekeni bwalo wakaone wasichana wanavyokula kwa awamu mbili kwa sababu viti havitoshi. Wapeni sahani ya makande, badala ya kuwafungulia kuku kwenye hema. Wapandisheni mlima wa kwenda bombani na ndoo ya lita ishirini, na suti zao. Halafu wapeni karatasi moja: mwaka jana mlitoa hiki, kimefanya hiki, kimebaki hiki. Yule mzee wa Singida naye apewe karatasi hiyo hiyo, na bahasha yake ipokelewe kwanza, kabla ya keki.

Mahafali ya mwaka huu ni mwezi ujao. Jumapili iliyopita mwanangu aliomba simu ya matroni akanipigia. Amechaguliwa kwenye ngonjera, yupo kundi la wanne. Nikafurahi, nikamuuliza sehemu yake ni ipi.

"Mimi ndiye yatima, mama. Mwalimu amesema nikifika kwenye kaburi nilie kidogo."

Baba yake alikuwa sebuleni anaangalia mpira. Nilimpa simu azungumze naye.