Laptopu inatosha au bado tunahitaji maabara ya fizikia yenye vyuma?

Juzi kwenye semina ya masters hapa idarani dogo mmoja kapresenti kazi yake, grafu kali, atomi zinazunguka kwenye skrini rangi kibao, watu wamekaa kimya wanatazama. Akamaliza, prof mmoja wa zamani akamuuliza, "hiyo sampuli yako uliitengenezea wapi?" Dogo akajibu hamna sampuli prof, ni simulesheni tupu, yaani kuigiza kwa hesabu za kompyuta. Ukumbi ukacheka, prof wala hakucheka. Baadae kwenye chai ndio ukazuka ubishi, kuna mhadhiri kijana akasema wazi kwamba idara iache kununua mashine, hela yote iende kwenye kompyuta, maana vyuma vyenyewe vingi vimekuwa vya kuweka makaratasi juu.

Na hapo hajadanganya, tusijifanye. Mimi nilipita njia ya vyuma, sio kwa kusimuliwa. Nilikuwa natengeneza tabaka jembamba la alumini juu ya kioo, na hiyo kazi inataka utoe hewa kwenye chemba mpaka ibaki sehemu kama moja kwa milioni mia ya hewa ya kawaida, ili atomi zikitoka kwenye alumini inayochemka ziende moja kwa moja kwenye kioo bila kugongana na hewa njiani. Sasa siku umeme ukikatika katikati na hujapata muda wa kufunga valvu, oili ya pampu inarudi nyuma inaingia kwenye chemba. Ukifungua unakutana na harufu ya gereji, vioo vyote vina mafuta, na unakaa siku mbili na asetoni na pamba unasugua kona moja moja. Pampu yenyewe ilikufa, tukasubiri spea miezi saba, profoma tatu, LPO (oda rasmi ya ununuzi), forodha, unaambiwa mzigo umefika bandarini halafu karatasi moja imekosekana. Mwenzangu tuliyeanza naye siku moja akahamia kwenye simulesheni, akamaliza, akachapisha, akaondoka. Mimi bado nasugua chemba.

Kwa hiyo upande wa laptopu una hoja nzito. Zile hesabu anazofanya dogo zimejengwa juu ya kazi iliyompa Walter Kohn Nobeli ya kemia mwaka 1998, unachukua elektroni zote zile ambazo huwezi kuzifuata moja moja, unahesabu msongamano wake tu, na unapata tabia za kitu unachochunguza. Programu ya kufanyia hesabu hizo, Quantum ESPRESSO, ni bure, unapakua, huombi mtu. Kompyuta kubwa ipo Cape Town na watafiti wa nchi nyingine za Afrika huwa wanaomba muda na wanapewa. Kuna shule za kufundisha hii kitu zinazozunguka Afrika tangu 2010, mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, na ukiangalia Kenya leo wanaofanya kazi hizi wapo wengi na wanasomeka kimataifa. Hakuna forodha ya ekwesheni. Kwa mwanafunzi ambaye skolashipu yake ina tarehe ya mwisho hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Ila sasa. Kompyuta haikwambii kwamba imekosea, inakupa namba na desimali nne unaridhika. Chukua silikoni, kitu kinachojulikana kuliko vyote, ile nishati elektroni inayohitaji kuruka ili ipitishe umeme ni kama elektronivolti 1.1 (hicho ni kizio cha nishati) ukiipima. Hesabu za kawaida, zile za bei rahisi zinazokimbia kwenye laptopu, zinakupa karibu nusu ya hapo. Zinki oksaidi ni balaa zaidi, kipimo kinasema 3.3 na zaidi kidogo, hesabu inatoa chini ya 1. Njia za kusahihisha zipo lakini zinakula kompyuta kama nyumba inayokula mkaa, na tunajua zinahitaji kusahihishwa kwasababu kuna mtu mahali fulani alikaa na sampuli na taa akapima. Tukiacha wote kupima hapa kwetu maana yake tunakuwa tunahesabu kwa imani ya vipimo vya wengine.

Mfano tunao nyumbani. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba mwaka 1963, akaweka maziwa ya moto kwenye friza ya aiskrimu, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Walimu wakamcheka. Akiwa Mkwawa Iringa akamuuliza Denis Osborne, aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu Dar, na Osborne badala ya kumjibu kwa kichwa akamwambia teknishani wake ajaribu kwa maji. Teknishani akarudi akasema ni kweli ya moto imetangulia, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi! Mimi nikisoma hapo nacheka kila mara. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Basi mbele huko 2016 watafiti wawili Uingereza wakarudia, wakasema hawaoni kitu, na kwamba ukisogeza themomita sentimita moja tu juu au chini unaweza kujitengenezea matokeo mwenyewe. Mwaka uliofuata wengine wakaja na nadharia ya karatasi inayosema kitu cha namna hiyo kinawezekana, na 2020 huko Kanada kikaonekana kwenye kipunje kimoja kidogo mno ndani ya maji. Yaani karatasi na vyuma vimekuwa vinapokezana, na ugomvi wa maji bado haujaisha.

Na wanaosema vyuma ni ghali wanasahau kwamba sio vyote. Grafini, lile tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, ilitengwa Manchester mwaka 2004 kwa selotepu. Seli ya jua inayotumia rangi kunasa mwanga, ile iliyotoka kwenye makala ya O'Regan na Grätzel mwaka 1991, tunaipaka hapa kwa kuweka selotepu pembeni ya kioo na kuvuta pesti kwa fimbo ya kioo, rangi tunachemsha rosela ya sokoni. Inatoa umeme kiduchu lakini unaushika na maltimita.

Mimi ningeulizwa ningesema wahadhiri vijana wako sahihi kuhusu mashine mpya, msinunue. Mashine ya mamilioni bila oili, bila UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), bila mtu wa kuifungua ni fanicha. Hela ya kwanza iende kwa fundi. Ile pampu yangu mwishowe haikuponywa na spea kutoka nje, aliiponya mzee wetu wa maabara, alichukua oringi chakavu, ile pete ya mpira ya kuzibia, akaitia mfukoni akaenda nayo maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani akarudi na ya gari inayofanana, akaipaka grisi, ikashika. Elfu tatu. Hiyo hakuna simulesheni inayokufundisha, na yeye hajaiandika popote.

Mwakani anastaafu. Kwenye bajeti niliyoonyeshwa kuna kompyuta kumi na mbili mpya, nafasi ya kumrithi yeye sijaiona, na dogo wa semina ameshaanza kumuuliza kama anaweza kumfundisha kutengeneza zinki oksaidi kabla hajaondoka.