Chai Isiyo na Mandazi

Kwa Waachuar wa msitu wa Amazoni, upande wa Ekwado, siku inaanza saa kumi usiku. Mwenyeji wangu aliniamsha, moto unawaka, sufuria ya wayus inatokota. Wayus ni majani ya mti, huchemshwa kama chai, ila sukari hamna wala mandazi. Mie mtoto wa Tanga, nimefunzwa kuwa cha mwenyeji hakirudishwi. Kibuyu kikaja, nikanywa. Kikaja kingine, nacho nikakikausha. Wenzangu wakawa wanainuka mmoja mmoja, wanapotelea gizani. Nikajua haja ndogo hiyo, nikawahurumia. Mie nikakaza roho, nangoja vitafunio.

Havikuja. Likaja bakuli la nijiamanch, yaani pombe ya muhogo: mama mwenye nyumba hutafuna muhogo uliochemshwa, akatemea chunguni, ukachachuka. Ukikataa, umemtukana. Ukimaliza, anakujazia. Sasa hapo unatokaje?

Kulipopambazuka tukaenda shamba. Mume kazi yake kukata miti na kufyeka tu. Kupanda, kupalilia na kuvuna ni kwa mke, anayemwimbia Nunkui, mama wa mazao yote. Katoto ka miaka kama minne kalitutangulia na panga karibu refu kuliko kenyewe. Aliyeshtuka ni mimi peke yangu. Mama yake hata hakugeuka. Basi nikaona aibu kukaa bure. Muhogo si ndio huu huu Wareno waliotuletea kutoka Amerika? Nikashika shina, nikainama, nikavuta kwa nguvu zote.

Muhogo haukutoka. Wayus ikatoka.

Ikatoka yote, na nijiamanch nyuma yake, juu ya matuta ya watu. Katoto kakaweka panga chini, kakanitazama vizuri, kakamwambia mama yake kitu. Shamba zima likaangua kicheko. Kijana mmoja anayejua Kihispania akanifasiria huku anajifuta machozi:

"Anauliza, huyu mgeni mbona anatapika mchana?"

Kumbe wale waliokuwa wakipotelea gizani walikwenda kutapika! Wayus hunywewa itoke, tumbo lisafike kabla hakujapambazuka. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Mimi na ndevu zangu, sina habari.

Mama mwenye nyumba akanionea huruma. Akaona tumbo sasa lina nafasi, akanijazia bakuli.