Kutenganisha Rangi Kumenitenganisha na Usingizi

Mama yule aliingia katika karakana yangu Jumatatu asubuhi, hapa komuni ya Kenya, ambayo ni Kenya yetu ya Lubumbashi na si ile ya Nairobi. Aliketi kabla sijamkaribisha, akatoa simu mkobani na kuniwekea mezani picha ya marehemu mume wake. "Baba," alisema, "nataka fulana 60 nyeusi za kumaliza kilio. Ziwe tayari Jumamosi, na huyu mzee afanane." Mzee alikuwa amevaa suti ya buluu, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na shingoni alikuwa na tai ambayo nilipoanza kuhesabu rangi zake nilifika saba, kisha nikaacha kwa ajili ya afya yangu. Nilimjibu kwamba hakuna shida. Fundi anayejiheshimu husema hivyo kwanza, na shida huitafuta baadaye, mteja akishavuka barabara.

Kwa msomaji ambaye vidole vyake havijawahi kuchafuliwa na wino, serigrafia, yaani kuchapa kitambaa kwa kusukuma wino kupitia neti, si printa ya ofisini. Kila rangi hudai filamu yake, fremu yake yenye neti iliyopakwa emulsioni, ile dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, na zamu yake ya kupitishiwa rakleti, kibao cha kusukumia wino. Ndiyo maana mimi huwaombea heri mashabiki wa mpira wa jiji hili. Mazembe ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo unachukua fulana nyeusi, wino mweupe na fremu moja, kazi imekwisha. Lupopo ni buluu na manjano, na hapo pia fulana ya manjano na fremu moja ya buluu zinakutosha, hata kama kompyuta yako imekufa na umebaki na karatasi na mkasi. Uso wa binadamu, kinyume chake, hauna mipaka. Shavu huanza likiwa kahawia, hupanda kuwa na mng'ao karibu na pua, hushuka kuwa jeusi chini ya kidevu, na hayo yote ni lazima yavunjwevunjwe kuwa nukta, nene penye wino mwingi na nyembamba penye wino mchache, ili jicho lidanganyike likiwa mbali kidogo. Jiji hili lilianza kuyeyusha mawe na kuyatenganisha na shaba mwaka 1911, na bomba la moshi la kazi hiyo bado linaonekana kutoka mlangoni kwangu, lakini mimi nashindwa kutenganisha nyekundu na kahawia katika shavu la mzee mmoja.

Basi nilinunua mega za intaneti za kutosha nikaanza kutafuta programu ya kutenganisha rangi. Nilikuwa nadhani programu ni programu, kumbe zina koo zake. Zipo zinazojitegemea, kama Separation Studio, na zipo zinazoishi ndani ya Photoshop kama mpangaji katika nyumba ya mwenyewe, kwa mfano UltraSeps. Bei ya mpangaji unaweza kuivumilia hadi ukumbuke kwamba nyumba yenyewe huna, na kwamba tangu 2013 matoleo mapya ya Photoshop hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, kwa kadi ambayo mimi nimeiona mara moja tu, mkononi mwa shemeji yangu, naye hakuniruhusu niishike. Ni sawa na kununua tandiko huku punda ukiwa unamkodi. CorelDRAW hujua kuchapa kila rangi kwenye karatasi yake, na kwa nembo na maandishi siidai kitu, lakini mzee wetu si nembo. Halafu kuna kundi la tatu linaloitwa RIP, ambalo kazi yake ni kuigeuza picha kuwa nukta na kuiamuru printa imwage wino mweusi wa kutosha kwenye filamu. Kijana mmoja aliponiambia kwamba kwa kazi hii nitahitaji RIP, nilimjibu kwamba najua, tutaiandika mgongoni, chini ya jina la marehemu.

Jumanne nilipakua programu ya majaribio ambayo sitaitaja. Ilifanya kazi kwa dakika 40, kompyuta ikapiga kelele kama sufuria ya maharage, kisha ikanipa filamu nzuri kweli, nukta zimepangika, kivuli cha pua kimekaa mahali pake. Nilichapa fulana moja ya mfano upesi upesi, na kwa furaha nikampelekea mama nyumbani kwake bila kuichunguza. Mama aliitandaza magotini, akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. "Baba," alisema, "Demo ni nani?" Nilisogea. Kwenye paji la uso la marehemu, kutoka sikio hadi sikio, yalikuwa yameandikwa maneno manne ya herufi kubwa, yote DEMO, kwa kuwa programu isiyolipiwa huweka muhuri wake inapopenda. Shangazi wa marehemu, aliyekuwa akichambua sombe pembeni, alieleza kwa heshima kwamba katika ukoo wao hakuna mtu wa jina hilo, ila labda upande wa mama.

Jumatano nilijaribu nyingine. Hii ilikuwa na akili nyingi kuliko mahitaji. Niliipa picha, nikabonyeza kitufe kimoja kama ilivyoahidi, nayo ikanitenganishia rangi 11, kila moja na jina lake, na ndani yake kahawia za aina tatu ambazo nikiziweka pamoja siwezi kuapa ipi ni ipi. Mashine yangu ilitengenezwa na seremala wa hapa mtaani na ina mikono minne. Wenye programu hawakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna mashine ya mbao, na ukurasa wao wa msaada ulinishauri kwa Kiingereza chenye upole kwamba niongeze vichwa vya kuchapia. Niliuomba ukurasa huo useme Kifaransa, ukaniambia jambo lilelile kwa jeuri zaidi.

Hapa jirani yangu mwenye duka la intaneti alijitolea kunipa programu "iliyofunguliwa kufuli", ya bure. Niliikataa, si kwa utakatifu, bali kwa sababu mwaka jana alinifungulia nyingine ya namna hiyo na orodha yangu yote ya wateja ikageuka kuwa herufi za Kichina. Mpwa wangu naye alisema siku hizi unaiambia tu kompyuta inachora yenyewe. Nilimuuliza kama itasugua na fremu, akasema amesahau kitu nje.

Alhamisi niliamua kutumia kichwa. GIMP haina bei, na inaweza kuigawa picha katika samawati, majenta (nyekundu ya waridi), manjano na nyeusi. Wino wa namna hiyo hupitisha mwanga, kwa hiyo ukiuweka moja kwa moja kwenye fulana nyeusi humezwa kama chai iliyomwagwa juu ya makaa, na ni lazima kwanza uchape tabaka jeupe, ulikaushe kidogo, ndipo rangi zije juu yake. Rangi nne na nyeupe ni tano, na mikono ni minne. Nilikaa kitako nikaona mwanga, kwamba nyeusi tayari ninayo, ndiyo fulana yenyewe! Naomba nisifiwe kwa hilo, maana nyumbani hakuna aliyenisifu. Nilitengeneza nukta za mistari 45 kwa inchi, kila rangi na pembe yake ili zisigombane na kuleta mawimbi, nikachukua neti ya nyuzi 90 kwa sentimita, nikasinyaza tabaka jeupe kidogo ili lisichungulie pembeni mwa mzee kama shati la ndani.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo fremu nilizianika juani, kazi ambayo kwa jua letu haihitaji hata muda wa kumaliza sigara. Nyeupe, samawati na manjano zilitoka vizuri. Nilipoianika ya majenta, kompyuta, ambayo bado ilikuwa na betri kidogo, iliniletea ujumbe kwamba toleo jipya limepatikana na kuuliza kama ningependa kulipakua. Nilianza kutafuta kitufe cha kukataa. Nilipokipata, emulsioni ya majenta ilikuwa imeiva kama tofali na nukta zake ndogo zimeziba zote. Nilichapa hivyohivyo, kwa matumaini. Picha isiyo na majenta hubakiwa na samawati na manjano, na vitu hivyo viwili vikikutana hutoa rangi moja tu tunayoijua sote tangu shule ya msingi. Marehemu alitoka kijani kibichi, akitabasamu, na tai yake ikawa ya kijani pia, na mke wangu alipopita alisema kwamba sasa angalau wanafanana na maporomoko.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikulala. Nilifunga programu zote, nikatenganisha kwa mkono, kwa jicho, kama tulivyokuwa tukifanya kabla ya vitufe: nyeupe kwa mwanga, kahawia moja kwa ngozi, buluu kwa suti, na fulana yenyewe kwa giza. Kufikia saa sita za usiku uso ulikuwa umekamilika na ulifanana hata ukanitisha. Iliyobaki ilikuwa tai. Tai ilikuwa ndiyo chanzo cha Demo, cha kahawia tatu na cha mega zote zilizoisha, maana kama si yenyewe nisingetafuta programu hata moja. Niliipa fremu ya nne peke yake, wino mwekundu, nikachora michirizi mmoja baada ya mwingine hadi jogoo wa jirani alipoanza, na ninasema bila aibu kwamba ilikuwa tai nzuri.

Mama alifika Ijumaa saa tatu, pamoja na shangazi. Niliwatandazia. Walinyamaza, mama akapitisha kidole taratibu kwenye shavu la mume wake, na machozi yakamlengalenga, nami nikaanza kuona kwamba labda kazi hii ina malipo mengine.

"Ni yeye," alisema. Kisha kidole kikashuka hadi shingoni na kusimama. "Lakini hii tai, Baba, si yake. Ni ya mpiga picha, huazima kila mtu anayeingia studio. Mzee hakuwahi kufunga tai maishani mwake. Iondoe."