Tabibu wa Simu na Unga Usio na Jina

Hapa Malindi ukitaja matabibu wa mitishamba waliotibu kwa simu wakati wa korona, watu hucheka. Matapeli wale, wanasema. Mimi sikubali. Kaunti yetu ya Kilifi ilipofungwa Aprili 2020, mgonjwa hakuweza kupanda basi hadi Mokowe akavuke kwenda Lamu kwa tabibu wake. Malori ya mizigo yaliruhusiwa. Basi habasoda na magome yakasafiri, mgonjwa akabaki nyumbani na simu yake. Mlitaka afanyeje?

Na tibabu yetu ya pwani, sehemu kubwa ni kuulizana. Umekula nini, choo kikoje, mwili una hari au baridi. Hayo simu inayabeba. Kilichokosekana ni mkono wa kushika mshipa na kubonyeza tumbo, na jicho pia. Shangazi yangu, mtu wa sukari, alimtolea tabibu ulimi kwa video usiku, balbu ya manjano ikimwakia juu ya kichwa.

"Mama, ulimi ndio wa manjano au ni taa yako?"

"Sijui, mwalimu, labda taa."

Akaambiwa angoje kuche, atoke uani, na asitafune tambuu kabla. Asubuhi ulimi ulikuwa salama. Hapo tabibu akauliza lile swali lililonifanya nimheshimu: dawa gani za hospitali unameza? Nisomee pakiti. Shangazi akaisoma metformin, dawa yake ya kushusha sukari, silabi kwa silabi. Kumbe kila usiku alikuwa akiloweka uwatu, kikombe kizima, na uwatu nao hushusha sukari. Akaambiwa auache kwanza, apime sukari, azungumze na daktari wake.

Huyo kwangu ni tabibu, awe barazani au kwenye simu. Ninayemlaumu ni yule aliyerekodi ujumbe mmoja wa sauti akautuma WhatsApp kwa kila mtu, na namba ya M-Pesa chini yake. Andry Rajoelina, rais wa Madagaska wakati huo, alipokunywa mbele ya kamera kinywaji chake cha mmea wa pakanga, alichokinadi kuwa dawa ya korona, mwezi ule ule wa Aprili, kila mwenye kinu mtaani akawa na dawa ya korona. Sanamaki, majani ya kuharisha, kwa mzee na kwa kijana, kipimo kimoja. Mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza, ukimharisha siku mbili unamkausha. Nyungu, kule kujifukiza mvuke wa majani, sina ugomvi nayo, ya mwarobaini hasa, mafua yakibana. Lakini haiui korona, na sufuria inayochemka haiwekwi chini ya shuka pamoja na mtoto. Anayehema kwa shida aambiwe hospitali, tena sasa hivi.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua huduma za afya kwa njia ya mtandao, na tiba ya jadi ina sehemu yake humo. Najua wakubwa wakilishika jambo hili wataanza na leseni na ada. Ningependa waanze na bahasha: jina la mti, ni jani au mzizi, umetwangwa lini, uchukue kiasi gani. Mtu akizirai baada ya kumeza unga wa kahawia uliofungwa kwa kipande cha gazeti, daktari wa zamu ataanzia wapi?